Flashi moja, magonjwa matatu: kisa cha video za jubilei zilizogoma kucheza

Alikuja dukani Jumanne asubuhi, mwezi wa Julai, ile baridi ya Mbeya ambayo mtu hatoi mikono mfukoni bila sababu. Mama wa makamo, kitenge juu ya sweta, ametoka Tukuyu na kosta ya kwanza. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akavuta kiti cha plastiki karibu na meza, kisha akafungua fundo kwenye pindo la kitenge. Flashi. Juu yake imeandikwa 128 GB. Laptopu nayo alikuja nayo, ndani ya begi la shule la mjukuu.

"Baba, humu mna jubilei ya wazazi wangu, miaka 50 ya ndoa. Mzee kila siku ananiuliza ataiona lini. Inakataa."

"Inakataaje, mama?"

"Inakataa tu. Nyingine inatoa sauti bila picha, nyingine inaandika maneno ya Kizungu, nyingine inafunguka na kujifunga yenyewe."

Nikamwambia asijali, aniachie, ajaribu kupita jioni. Akasema "ndaga fijo, baba", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaenda zake sokoni Mwanjelwa kununua mahitaji.

Ninaandika kisa hiki kwa sababu ya lile jibu lake. Mama yule hakusomea kompyuta, lakini alinitajia dalili tatu tofauti kwa sentensi moja. Mimi fundi nikasikia neno moja tu, "inakataa", nikaanza kutibu ugonjwa mmoja. Ilinigharimu karibu nusu siku.

Kilichokuwamo

Mafaili yalikuwa 10, jumla kama GB 23.5. Manne yalianza na IMG: yalipigwa kwa iPhone ya mjukuu aliyetoka Dar es Salaam. Sita yalikuwa ya mpiga video aliyekodishwa, nayo aliyapanga vizuri: Ibada 1, 2 na 3, halafu Ukumbini 1, 2 na 3. Laptopu ilikuwa ya mtumba, Windows 10, prosesa ya Intel Core i5 kizazi cha nne, RAM GB 4. Mashine ya heshima kwa kuandika barua na kufungua Excel.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mama alilitaja kama la kupita: kabla ya kuja kwangu flashi ilishapita kwa kijana mmoja huko huko Tukuyu, "akabadilisha majina". Nilipochungulia nikaona. Mafaili ya iPhone kwa kawaida huishia na .MOV, haya yote yaliishia na .MP4. Hakuharibu kitu, lakini hakutengeneza kitu pia. Kubadilisha herufi za mwisho za jina ni kama kubandika lebo ya Kilimanjaro kwenye gunia la mchele wa Kyela. Mchele haujasogea.

Nilivyokosea

Nikafungua IMG ya kwanza kwa programu ya video iliyokuja na Windows. Ikatoa dirisha lenye namba 0xc00d5212. Namba hiyo naijua kama namba ya simu ya nyumbani: maana yake kodeki, yaani kile kinachojua kufungua picha ilivyobanwa, haipo. Nikatabasamu. Nikaweka VLC, programu ya bure ya kuchezea video, IMG ikafunguka. Inakwamakwama, lakini picha ipo na sauti ipo. Basi, nikajiambia, tatizo ni kodeki.

Kwa kuwa tayari nilikuwa na jibu, nikapakua na kifurushi kizima cha kodeki, kile ambacho mafundi wengi tunakimwaga kwenye kila kompyuta bila kuuliza. Nikazima, nikawasha. Nikafungua Ibada 1: inacheza safi. Ibada 2: safi. Nikajipongeza. Sasa hapa ndipo ujinga wangu ulipo, na naueleza ili mwenzangu asiurudie: Ibada 1 na 2 hazikuwahi kuugua. Sikuzijaribu kabla ya kuweka kile kifurushi, kwa hiyo nikampa dawa mtu asiyeumwa, akaamka mzima, nikasema dawa inafanya kazi.

Ibada 3 ikagoma. Ukumbini 1 ikagoma. Ukumbini 2 na 3, vilevile. Nikasasisha draiva ya michoro. Nikajaribu programu nyingine ya kuchezea. Nikaanza kuiambia programu ya kugeuza fomati inigeuzie Ukumbini 1, ikakataa hata kulipokea. Ilipofika saa saba mchana nilikuwa nimeweka vitu vinne kwenye laptopu ya watu na sijaokoa hata dakika moja ya ukumbini.

Kilichonizindua ni namba. Nilirudi kwenye programu ya Windows, nikafungua Ibada 3 polepole kama anayesoma barua ya mahakama, nikaona imeandika 0xc00d36c4. Siyo ile ya asubuhi. Nilikuwa nimeiona zaidi ya mara tano siku ile, na kila mara macho yakaishia kwenye 0xc00d, nikafunga dirisha.

Kontena na hati zake

Ukikaa Mbeya unaona malori ya kwenda Tunduma, mpakani na Zambia, usiku na mchana. Kontena la bluu, kontena jekundu. Kwa nje huwezi kujua limebeba nini. MP4 na MOV ni makontena ya namna hiyo hasa: ni sanduku tu. Ndani ya sanduku picha imefungwa kwa utaratibu fulani, na utaratibu huo ndio kodeki. Makontena mawili ya rangi moja yanaweza kubeba shehena mbili zisizofanana kabisa, ndiyo maana mtu anakwambia "mbona MP4 nyingine zinacheza?" na hasemi uongo.

Sasa zile namba mbili. 0xc00d5212 ni Windows inasema: kontena nimelifungua, mzigo nimeuona, ila sina mtu wa kuufungua ulivyofungwa. 0xc00d36c4 inasema: hiki hata sikitambui, ama ni aina nisiyoipokea, ama jina linadanganya, ama kimeharibika. Ya kwanza inatibiwa kwenye kompyuta. Ya pili, ikitokea kwa faili la kawaida la MP4 lililotoka kwenye kamera ya kawaida, mara nyingi haitibiki kwenye kompyuta hata ukiweka kodeki za dunia nzima, kwa sababu mgonjwa ni faili lenyewe.

Kwa hiyo kufikia saa nane nilikuwa na wagonjwa wa makundi mawili. Baadaye ikaonekana ni matatu.

Za simu: kodeki kweli

Hizi nitazipitia haraka. Niliziweka kwenye MediaInfo, programu ndogo ya bure inayosoma lebo ya ndani badala ya jina la nje. Ikasema HEVC, biti 10, upana 3840 kwa kimo 2160, fremu 60 kwa sekunde. HEVC ndiyo H.265, iliyopitishwa mwaka 2013. iPhone zilianza kuitumia kwa video kuanzia iOS 11, mwaka 2017, kwa sababu inabana faili bila kuharibu picha. Prosesa ya laptopu ya mama nayo ni ya mwaka 2013. Zimezaliwa mwaka mmoja na hazijuani: Intel waliweka sehemu maalumu ya kufungua HEVC ndani ya prosesa zao kuanzia kizazi cha sita, na ya biti 10 kuanzia cha saba. Kwa hiyo VLC, ambayo hubeba kodeki zake yenyewe, iliweza kuifungua, ila ilimbebesha prosesa mzigo wote kwa nguvu za mikono. Nilipofungua Task Manager prosesa ilikuwa asilimia 100 na feni inalia kama mashine ya kusaga.

Kuna nyongeza ya HEVC inayouzwa kwenye duka la Microsoft kwa dola 0.99. Kwa laptopu hii isingesaidia kitu, kwa sababu kukwama hakukutokana na kukosa kodeki tu.

Mama aliniambia jambo jingine jioni lililonifurahisha. "Lakini hiyo hiyo aliyonirushia mjukuu WhatsApp inacheza kwenye simu yangu." Ndiyo, mama, kwa sababu WhatsApp huipika upya, huipunguza na kuitoa kwa H.264, kodeki ya mwaka 2003 ambayo karibu kila kitu kinaielewa. Kama klipu moja inacheza ikipitia WhatsApp na inagoma ikija nzima, huhitaji kipimo kingine: faili ni zima, ni lugha tu.

Nikazigeuza kwa HandBrake kwenye kompyuta yangu, H.264, kimo 1080, fremu 30. Mara ya kwanza rangi zilitoka zimepauka, kitenge cha bibi kikawa kama kimefuliwa mara mia, kwa kuwa simu ilipiga kwa HDR na mimi nilizigeuza bila kushusha rangi zilingane na skrini ya kawaida. Nikarudia. Zile za asili sikuzigusa, wala hakuna anayepaswa kuzigusa. Kugeuza ni kutoa nakala.

Za ukumbini: flashi yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo linalowaliza watu wengi kuliko kodeki, na wengi hawajui hata limewapata.

Niliikopi folda nzima kwenye kompyuta yangu kwanza. Kisha nikafungua Ukumbini 2 kwa HxD, programu inayokuonyesha faili baiti kwa baiti, mistari ya namba bila picha. Faili la MP4 lenye afya huwa na neno ftyp pale mwanzoni kabisa, kwa namba ni 66 74 79 70. Ukilikosa hilo, kuna jambo. Ukumbini 2 ilikuwa hivi: 00 00 00 00 00 00 00 00. Nikashuka. Sifuri. Nikaruka hadi katikati. Sifuri. Nikaenda mwisho wa faili, GB 4 kasoro kidogo. Sifuri tupu. Ukumbini 3, vilevile.

Ukumbini 1 ilikuwa ya ajabu zaidi. Mwanzo mzuri, ftyp ipo, baada yake baiti zimechanganyika kama inavyotakiwa. Nikashuka na kushuka. Zilipopita kama GB 1.2, ghafla, katikati ya mstari wa kawaida, zikaanza sifuri hadi mwisho.

Nikachukua kikokotoo na karatasi ya risiti. Mafaili ya simu yalikopiwa kwanza, jumla GB 3. Ibada 1 na 2, kila moja GB 4. Ibada 3, GB 2.6. Hiyo ni 13.6. Ongeza ile 1.2 ya Ukumbini 1: 14.8. Mtu aliyewahi kuuza flashi akiona 14.8 anajua. Hiyo ndiyo nafasi unayoikuta ukifungua flashi ya GB 16.

Flashi ya mama ilikuwa ya GB 16 iliyovalishwa shati la 128. Wanaozitengeneza hubadilisha programu ya ndani ya kichipu ili iiambie kompyuta "mimi ni 128", na kompyuta huamini, haina sababu ya kubisha. Ukikopi, inakopi bila kulalamika. Kinachozidi uwezo wa kweli kinatupwa kimya kimya, au kwenye aina nyingine kinaandikwa juu ya vile vya mwanzo. Majina ya mafaili na ukubwa wake huonekana sawasawa, kwa sababu orodha ya yaliyomo huandikwa kwenye eneo la mwanzo la flashi, na mwanzo ni wa kweli. Ni kama daftari la stoo linaloonyesha magunia 100 wakati stoo inaingia 12.

Jioni, baada ya kuhakikisha kila kitu kimeshakopiwa, niliweka H2testw ijaze flashi nzima na kuisoma tena. Kipimo hiki hakiendeshwi kwenye flashi yenye kitu unachokitaka. Kilikimbia usiku kucha. Asubuhi kilisema kile kile kikokotoo kilichosema.

Nilimpigia mama simu. "Flashi hii ulinunua wapi?" Kwa kijana anayetembeza stendi, elfu kumi na mbili. Alinunua yeye, akampa mpiga video amwekee. Kwa hiyo mpiga video hakuwa na kosa hapo, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumlaumu moyoni.

Kwa mafaili yaliyojaa sifuri hakuna programu ya kuokoa. Kila anayekuuzia "video repair" kwa faili la namna hii anakuuzia hewa. Dawa ni kutafuta chanzo, na chanzo kinatafutwa siku hiyo hiyo. Nikaomba namba ya mpiga video.

"Kaka, zile za jubilei bado unazo?"

"Za ukumbini zipo kwenye kompyuta. Ila diski imejaa, nilikuwa nataka kuzifuta leo hii nipate nafasi ya harusi ya Jumamosi."

Nikamwomba asiguse kitu. Baada ya saa mbili hivi alikuwa ameziweka kwenye hadidiski ya nje, akaifunga kwa gazeti na kumpa konda wa kosta. Niliipokea stendi kabla ya jua kuzama, elfu mbili ya mzigo. Ukumbini 1, 2 na 3 zikafunguka kwa kubofya mara mbili, kama vile hapakuwahi kuwa na shida duniani.

Ibada 3: mzigo usio na hati

Ikabaki moja. Nayo ndiyo mama aliyoitaka kuliko zote, kwa kuwa ndiyo yenye mzee akisimama mbele ya kanisa kuwabariki watoto wake.

Ibada 3 ilikuwa ndani ya ile 13.6 ya kweli ya flashi, kwa hiyo flashi haikuhusika. Nilipoifungua kwa HxD nikakuta ftyp, nikakuta mdat, ambako ndiko picha na sauti zenyewe hukaa, nikakuta baiti zimejaa uhai mpaka mwisho. Nikatafuta neno la tatu, moov, namba 6D 6F 6F 76. HxD ikapekua faili zima. Haipo. Nikaitupia ffmpeg, programu nyingine ya kusoma na kugeuza video, nayo ikanijibu hilo hilo kwa mstari mmoja mwekundu.

Rudi Tunduma kidogo. Kontena limefika, mzigo umo, kufuli ni nzima. Lakini dereva hana hati: hakuna karatasi inayosema kuna nini, kiasi gani, kimepangwa wapi. Forodha hawatafungua. moov ni hiyo hati. Ndani yake kumeandikwa kila fremu iko baiti ya ngapi, inaonyeshwa sekunde gani, sauti inaambatana nayo wapi, picha imefungwa kwa kodeki gani na kwa vipimo gani. Na kamera nyingi huiandika mwisho, pale unapobonyeza kusimamisha, kwa sababu kabla ya hapo kamera haijui itapiga fremu ngapi. Ndiyo maana Ukumbini 1, iliyokuwa na GB 1.2 ya picha halisi, haikuonyesha hata sekunde moja: hati yake ilikuwa mkiani, na mkia ulitupwa na flashi.

Kwa hiyo swali la Ibada 3 lilikuwa moja. Nani alizuia kamera isiandike hati?

Nikampigia tena yule mpiga video. Kimya kidogo kwenye simu.

"Kaka, umeme ulikatika. Mzee akiwa anaongea. Kamera nilikuwa nimeichomeka kwenye waya, betri nilishaitoa inachajiwa pembeni. Ikazima pale pale."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudisha betri, nikachomoa kadi, nikaweka nyingine fasta nisipitwe na wimbo. Kufika nyumbani nikakuta ile haifunguki. Nikamwekea mama hivyo hivyo, nikasema labda kwao itafunguka."

Simlaumu sana kwa umeme. Namlaumu kwa "labda kwao itafunguka", maana mama alikaa wiki tatu akidhani kompyuta yake ndiyo mbovu. Na kuna jambo angelifanya pale pale kanisani: kuacha kadi ndani, kurudisha betri na kuwasha kamera ile ile. Kamera nyingi zikiwashwa na kugundua zilikatizwa huuliza kama zirekebishe kilichobaki, nazo huandika hati zenyewe. Ukichomoa kadi, nafasi hiyo inaondoka nayo. Kadi yenyewe alikuwa ameshaiformati.

Hata hivyo alinipa zawadi bila kujua. Kadi yake ni ya GB 32, na kadi za ukubwa huo huja na mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, ambao haubebi faili moja linalozidi GB 4. Kwa hiyo kamera ilikuwa inaikata ibada vipande kila inapokaribia GB 4. Ibada 1, kata. Ibada 2, kata. Ibada 3 ikaanza, umeme ukaenda. Vipande viwili vya kwanza vilifungwa vizuri na hati zake, na vilipigwa na kamera hiyo hiyo, siku hiyo, kwa mipangilio hiyo hiyo, dakika chache kabla.

Kuna programu ya bure iitwayo untrunc. Inahitaji mafaili mawili: bovu, na zima lililotoka kwenye kamera ile ile. Inalisoma lile zima ijifunze kamera hii inafungaje mizigo yake, kisha inapita ndani ya lile bovu kipande kwa kipande, hii picha, hii sauti, hii picha, inaandika hati mpya. Amri yenyewe ni fupi kuliko maelezo:

untrunc Ibada2.MP4 Ibada3.MP4

Mfano ukiwa wa mipangilio tofauti, mathalani fremu 50 wakati bovu ni fremu 25, utapata madoa ya kijani na sauti ya bata. Yameshanikuta kwenye kazi ya mtu mwingine. Safari hii ndugu wa damu walikuwa mezani. Nikabonyeza, nikaenda kuchukua chai ya tangawizi kwa jirani, niliporudi ilikuwa imemaliza. Dakika 12 na sekunde 31. Nikaburuta mpaka katikati: midomo na sauti vinaenda pamoja. Nikaicheza yote tangu mwanzo, kwa sababu faili lililofufuka linaweza kuwa zima mwanzoni na kuharibika njiani. Halikuharibika. Sekunde ya mwisho tu inagandaganda.

Kukabidhi

Nilimuuliza mama wataangalizia wapi. Kwenye TV ya sebuleni, siyo laptopu. Swali hilo dogo hubadilisha kazi nzima, na ningelilikosa ningempa mafaili yanayocheza kwangu na kugoma kwake. Kuna TV zisizosoma exFAT, mfumo wa kupanga mafaili ambao flashi kubwa huja nao, na kuna zisizo na habari na HEVC ya biti 10. Kwa hiyo nilinunua flashi ya GB 32 kwa muuzaji ninayemfahamu, nikaipima kwanza kwa H2testw, nikaiacha kwenye FAT32. Kila faili lilikuwa H.264 na chini ya GB 4, kwa hiyo liliingia bila kukatwa. Nakala nyingine nikaiweka kwenye laptopu yake, pamoja na zile za asili za simu. Kile kifurushi cha kodeki nikakiondoa, nikaacha VLC peke yake. Nilichomoa flashi baada ya Windows kusema naweza kuichomoa. Huwa nafanya hivyo mbele ya mteja makusudi, na huwa wananiangalia kama nasali.

Ile ya 128 niliichora X nyekundu kwa rangi ya kucha, ipo kwenye droo. Wateja wanaobisha nawaonyesha.

Ijumaa mama akaja na ndoo ya parachichi juu ya malipo. Nilimwekea Ibada 3 kwenye skrini ya dukani. Akasogeza kiti. Mzee alikuwa amesimama na suti ya kahawia, kipaza sauti kimemzidi kimo kidogo, anaongea Kinyakyusa taratibu, mkono mmoja begani kwa bibi. Alitaja watoto mmoja mmoja. Mama alikuwa akitikisa kichwa kila jina likipita. Mwishoni mzee akageukia wageni, akainua mkono, akasema, "Ndaga..."

Skrini ikawa nyeusi.

Nilifungua mdomo nimweleze habari ya umeme na ile sekunde ya mwisho. Mama hakunigeukia. Alikuwa bado anaitazama skrini nyeusi.

"Fijo," akamalizia.